Siku Nilipong'oa Bango la Uwanja wa Haji

Siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani. Bi Lerato, msimamizi wetu wa chumba cha simu, akasimama akasema kwamba namna yangu ya kusalimia itaandikwa na kuwekwa kwenye mafunzo ya wapya, hasa ninyi mtakaowapigia wadaiwa wanaosema Kiswahili. Mkapiga makofi. Nikacheka kama mlivyotaka nicheke. Nilipofika nyumbani Mayfair nilikaa kitandani na ile saa mapajani. Sijaitundika hadi leo. Chumba changu kina msumari mmoja, na msumari huo una koti.

Naandika kwa sababu ya maneno yale ya Bi Lerato. Kama mtaweka salamu zangu kwenye mafunzo, basi mjue kwanza zilifanya kazi gani.

Nilianza mwezi wa pili, jua bado kali, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya safu ya maduka ya vitambaa kule Fordsburg, Johannesburg. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Tanga, kimekunjwa mara nne, na hakuna mtu aliyekiomba. Nilipewa fulana ya kung'aa, kitabu cha notisi chenye karatasi ya kaboni, na mzee mmoja wa Kizulu wa kunifundisha. Tulimwita Bab' Mkhize. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kunicheka.

Siku ya kwanza niliandika notisi tisa, zote zikatupwa. Gari lililoingia saa tatu asubuhi nililiandikia tatu, kama tunavyohesabu kwetu, si tangu usiku wa manane kama huku, na la saa nne nikaliandikia nne. Bab' Mkhize akasoma kitabu changu polepole, akavua miwani.

"Mtanzania," akasema, "huyu aliyekuja kununua mapazia saa tisa za usiku, dukani alifunguliwa na nani?"

Kwa wiki nzima kila aliponiona aliniuliza ni saa ngapi.

Alinifundisha chaki. Watu wanadhani unachora mstari kwenye tairi basi. Bab' Mkhize alinionyesha kwamba unatazama pia kile kidude cha kujazia upepo, kimekaa upande gani wa gurudumu, unakiandika kama mshale wa saa. Dereva akija kusema alitoka akarudi, unamwonyesha: gurudumu lingezunguka, kidude kisingekaa palepale. Miezi ya joto shida yetu ilikuwa mvua ya alasiri. Johannesburg mvua ile haikosi adabu ya kuja kwa saa yake, lakini ikija inafuta chaki yote na ushahidi wako wote unaingia mtaroni. Siku za mawingu tuliandika vidude peke yake.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa bango. Lilisimama langoni, la bati, refu kunishinda. Lilisema kwamba wateja wa maduka wanaegesha saa mbili bure, anayezidisha anatozwa, na kwamba ukiegesha umekubali. Bab' Mkhize aliligonga kwa kidole.

"Hapa ndipo mkataba wako na dereva ulipo," akasema. "Likianguka hili, wewe ni mtu mwenye chaki tu."

Uwanja ule haukuwa wa kampuni yetu. Ulikuwa wa Haji, mzee mwenye duka la mapazia, naye alitupa tuusimamie kwa mkataba. Katika mkataba huo alijiachia haki moja ambayo wakubwa wetu hawakuipenda: mteja aliyeandikiwa notisi akimletea risiti ya duka lolote kwenye safu ile, Haji alitoa muhuri kwenye droo, akaugonga juu ya notisi, na habari ikaishia hapo. Nimemwona akigonga muhuri huku anakula sambusa. Notisi zenye mafuta zilikuwa zake.

Mteja mmoja alikuwa Mama Aline. Ni mshonaji kutoka Bukavu, anashona sare za shule, na kila Jumatano alikuja na bakkie, pikapu yake nyeupe iliyobonyea mlango, kuchukua vitambaa. Kupima, kukata na kupakia havikumtosha saa mbili, kwa hiyo nilimwandikia karibu kila Jumatano, na yeye akampelekea Haji karibu kila Alhamisi. Hatukugombana. Ilikuwa kama mchezo ambao wote watatu tuliujua mwisho wake.

"Papa Tanga! Uko unafanya nini na gari yangu?"

"Nakuandikia, Mama."

"Andika muzuri. Haji haoni karibu."

Alinicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Mimi nilimwambia chake kimepita milimani kikadondosha nusu ya herufi. Siku moja aliniuliza kwetu vijana wanawasalimiaje wazee. Nikamfundisha shikamoo, nikamweleza kwamba jibu lake ni marahaba. Kwao Bukavu hawaitumii, ikamfurahisha. Tangu hapo, akiingia langoni tu, kabla hajazima gari, anatoa kichwa dirishani: "Shikamoo, Papa Tanga!" Mimi kutoka upande wa pili wa uwanja: "Marahaba!" Watu wa maduka waligeuka kutazama.

Huenda ninyi mmezaliwa hapa na hamwoni uzito wake. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa. Binti yangu Zuhura anaelewa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na shikamoo hakuizoea. Katika jiji zima, shikamoo niliyokuwa na uhakika nayo kwa wiki ilikuwa ile ya Jumatano.

Bab' Mkhize alistaafu akarudi kwao, nikabaki na uwanja. Miaka ikaenda. Kisha kampuni ikataka saa mbili za bure ziwe moja, Haji akakataa, wakavutana kwa barua, na mwisho Haji akavunja mkataba kwa kufuata utaratibu, notisi yake na tarehe yake. Siku ya mwisho ya mwezi nilipewa ngazi na spana nikang'oe bango.

Boliti zilikuwa na kutu, kazi ikachukua asubuhi nzima. Nilipomaliza, Haji akaniita dukani ninywe chai. Alikuwa amekaa, mguu umefungwa bendeji juu ya kigoda. Alikuwa ameugua wiki kadhaa na duka aliliachia wanawe, muhuri ukabaki kwenye droo yenye kufuli. Akanipa karatasi mbili zinazofanana, nakala ya ukurasa mmoja wa mkataba, na kifungu kimoja kimepigiwa mstari. Nilikisoma mbele yake. Kilisema kwamba mkataba ukiisha, notisi zote ambazo hazijalipwa zinarudi kwa mwenye uwanja, na kampuni haitazidai.

"Moja wape wakubwa wako," Haji akasema. "Nyingine kaa nayo wewe. Ofisini kwenu karatasi zinapotea. Waambie wateja wangu siwadai."

Nilimpelekea meneja wetu. Aliisoma akiwa amesimama.

"Dereva alikubaliana na sisi, siku aliyoegesha," akasema. "Bango lilikuwepo. Kung'oa bati hakufuti deni. Huyo mzee auze mapazia."

Nimtendee haki: mahali pengine angekuwa sawa. Nimeona mikataba ya viwanja ambayo inasema wazi kwamba kampuni ikiondoka inaendelea kudai yale yaliyotokea ilipokuwepo, na hapo dereva anadaiwa hata kama bango limeshauzwa chuma chakavu. Sikusomea sheria, ila nimekaa nayo jirani muda mrefu, na jambo hili halina jibu moja. Jibu liko kwenye ukurasa wa mkataba wa uwanja ule. Katika uwanja wa Haji ukurasa ulisema notisi zimerudi kwake. Meneja aliuweka kwenye droo. Nakala yangu niliikunja nikaiweka pamoja na cheti cha kidato cha nne.

Kwa kuwa uwanja haukuwa wetu tena, nilihamishiwa Sandton, chumba cha simu, ghorofa ya nne. Kazi yenyewe mnaijua: skrini, orodha ya majina, kisemeo kichwani. Wiki za kwanza sikufaa. Nilisoma yale maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye karatasi, watu wakakata simu. Kisha likaja jina la mtu wa Kigoma, na kwa mazoea tu nikamsalimia. Habari za nyumbani. Wazee hawajambo? Kazi inakwendaje huko uliko? Akajibu yote, akaniuliza na mimi yangu, nikajibu. Tulipofika kwenye deni, alikuwa hawezi tena kunikatia. Utamkatiaje simu mtu aliyetoka kukuulizia mama yako?

Alilipa siku ileile. Msimamizi wa wakati ule alikuwa na kengele mezani, ya kugongwa deni likilipwa. Ikagongwa. Kuanzia hapo majina yote ya Kiswahili yakaletwa kwangu: Wakongo, Wakenya, Warundi, watu wa Dar na Zanzibar. Nikajifunza kila mmoja anasalimiwaje na kwa muda gani. Mtu wa pwani usimharakishe. Mama wa Kikongo muulizie watoto kwa majina, kama unayajua. Nilijua kwamba nikifika salamu ya nne bila kukatiwa, kengele italia. Sikuiona kuwa hila. Niliiona kuwa adabu yangu niliyofundishwa nyumbani, ambayo hatimaye mtu ameitambua.

Ndipo likaja jina la Mama Aline. Notisi sita, zote za uwanja wa Haji, zote za zile wiki za mwisho ambazo Haji alikuwa mgonjwa. Mwandiko wangu.

Nilijua alikuwa amezikusanya akimngoja Haji apone. Nilikuwa na ile karatasi nyumbani. Ningeweza kulirudisha jina lile kwa msimamizi na kusema hili si letu. Nilipiga.

"Mama Aline, habari za asubuhi."

"Papa Tanga! Shikamoo! Tulisema umekufa!"

"Marahaba. Bado nipo. Nyumbani hawajambo?"

"Tuko bazima."

"Aline je? Bado miguu inakua kuliko viatu?"

"Huyo! Ananipita urefu sasa."

Tukaenda hivyo. Ilikuwa salamu ndefu kuliko zote nilizopiga pale, na sehemu kubwa ilikuwa ya kweli. Kisha nikamwambia kuhusu notisi sita.

"Ah, ile? Haji atazipiga muhuri. Alikuwa na ugonjwa ya mguu."

"Haji hana usemi tena, Mama. Mkataba umeisha. Sasa ni sisi tu."

Nyuma yake nilisikia cherehani ikisimama.

"Ni weye njo unasema hivyo?"

"Ni mimi."

"Basi, kama ni weye."

Alilipa kabla ya mwisho wa wiki. Kengele ikagongwa, mkapiga makofi mliokuwepo.

Hakuna aliyenilazimisha kusema maneno yale kuhusu Haji. Hayakuwa kwenye karatasi ya Kiingereza. Niliyatunga mwenyewe, kwa sababu salamu zilikuwa zimekwenda vizuri na sikutaka simu ile iharibike. Nimetafuta sababu iliyo bora kuliko hiyo, na muda wa kutafuta ninao mwingi sasa. Sijaipata.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Fordsburg Jumamosi, kwenye mgahawa tunaokutana watu wa Tanga na Dar kunywa chai. Meza ilijaa. Mama Aline akaingia, akasimama mbele yangu, mkoba begani.

"Papa Tanga, habari za asubuhi," akasema.

"Nzuri, Mama, karibu ukae."

Hakukaa. "Habari ya nyumba? Zuhura ni muzima? Kazi inaenda? Kifua yako, ile ya baridi, ilipona?" Aliuliza polepole, kwa sauti ya upole, moja baada ya nyingine, nami nilijibu moja baada ya nyingine kama mwanafunzi. Wenzangu walianza kutabasamu, wakidhani ni mzaha wetu. Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Sasa niambie. Leo niko na deni ngapi?"

Wenzangu wakaweka vikombe mezani.

"Nilitoka kwa Haji," akawaambia wenzangu, si mimi. "Haji ananiuliza, Mama, ulilipa nini? Anasema, kitu imerudi kwangu, nimeisamehe, na huyu nilimupa karatasi mukononi. Na miye niliuzisha ovaloki juu ya kuwalipa."

Ovaloki ni ile mashine inayofunga pindo za nguo zisichanike. Mshonaji wa sare asiye nayo anafunga pindo kwa cherehani ya kawaida, mara mbili, na kazi ya siku moja inakuwa ya siku mbili. Hilo nililijua pia.

"Ni kweli?" akauliza mzee mmoja mezani.

Nikasema lilikuwa jambo la ofisi, lina mambo mengi, nitamweleza. Mama Aline akatoka.

Wale wa mezani hawakunifukuza. Watu wetu hawafukuzi. Walianza tu kuwa na haraka. Nikimpigia mmoja jioni, simu inaita hadi inakatika. Akipokea, hasemi hujambo, anasema, "Mzee, kuna nini?" Habari ilienea Yeoville na kwingine, na hata ofisini majina ya Kiswahili yakaanza kunikatia kwenye salamu ya kwanza. Ninyi mlidhani nimezeeka sauti. Binti yangu hakujua lolote, lakini siku moja nilipompigia na kumuulizia afya, kazi, majirani, alinikatiza na kusema nazungumza kama mtu anayetaka kumwomba kitu. Nilikuwa sitaki kitu. Nilikuwa sijazungumza na mtu tangu Ijumaa.

Miaka miwili nikakaa kimya na ile karatasi. Nilijiambia nangoja nistaafu. Hata hilo nililipanga kwa faida yangu.

Kwa hiyo, Bi Lerato, nakuomba salamu zangu usiziweke kwenye mafunzo. Weka hili: kabla hamjampigia mtu kwa ajili ya uwanja ambao mkataba wake umeisha, ombeni kuuona ule ukurasa. Kama ofisi haiwezi kuuonyesha, msipige. Na kama ukurasa unasema deni ni lenu, dai mlitaje katika sentensi ya kwanza, kwa jina lenu na la kampuni, ili mtu ajue anazungumza na nani. Salamu wapelekeeni watu wenu.

Jumatano iliyopita nilikwenda Yeoville kwa Mama Aline. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwenye kurasa mbili, nikaenda kituo cha polisi wakaniapisha na kuyagonga muhuri. Nikayaambatanisha na karatasi ya Haji. Njiani, kwenye kila roboti, taa za barabarani wanavyoziita huku, nilijizoeza sentensi moja.

Chumba chake kiko juu ya duka la simu. Alikuwa peke yake, amezungukwa na sketi za buluu, anafunga pindo kwa cherehani ya kawaida. Aliniona mlangoni, akamaliza mstari aliokuwa nao.

"Mama Aline," nikasema, "hukuwa unadaiwa, na nilijua siku niliyokupigia."

Akakata uzi kwa meno. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Alisoma zote, kwa kidole, hadi kwenye muhuri.

"Hii napeleka wapi?"

"Mahakama ya madai madogo. Hahitajiki wakili. Wakikuita, nitakuja kusema mbele yao."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

"Watakuuliza mbona ulinyamaza."

"Nitawaambia nilivyokuambia wewe."

Akazikunja, akaziweka chini ya mkasi mkubwa zisipeperuke. "Nitaenda Jumatatu," akasema. "Nitakuandikia meseji. Usinipigie."

"Sawa, Mama."

Akarudisha sketi chini ya sindano. Mimi nikabaki pale mlangoni kidogo zaidi ya ilivyostahili. Nilikuwa mkubwa kwake, ilikuwa Jumatano, na kwa kipindi kirefu cha maisha yangu siku hiyo ilikuwa na neno lake. Cherehani ikaanza. Nikashuka ngazi, nikavuka barabara, nikarudi Mayfair na marahaba yangu mdomoni.